Twita Zilizoungua Nyumbani kwa Maalim Faki

Gombani, Chake Chake,
Pemba.

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Kabla ya neno lolote nataka kujua hali zenu. Goti lako limetulia, au bado unatembea kwa kushika ukuta? Mama anakula? Mara ya mwisho uliniambia anakunywa uji tu na samaki kamkataa, na tangu siku hiyo kila nikikaa kula namkumbuka. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Mgongo unauma na macho yanachoka mapema kuliko zamani, lakini kazi naifanya. Habari ya kuoa usiniulize, ukiniuliza naacha kuandika hapa hapa.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Mimi na wewe kwenye simu hatuna subira. Wewe unauliza, mimi najibu "salama", mtandao unakatika, basi. Haya ninayotaka kukueleza yanataka mtu akae chini, ndiyo maana nimeyaandika na kumpa mwalimu mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa Kilwa kama sisi, anayekuja huko likizo.

Sababu ni shemeji. Juzi juzi alinipigia akanambia kanunua amplifaya na spika mbili za sebuleni, na kuna rafiki yake kamtia hofu kwamba akisikiliza kwa sauti kubwa ataua twita. Akaniuliza, "Wewe ndiye fundi, ni kweli au ni maneno ya watu?" Nikamwambia nina kazi nyingi, nitampigia. Nikakata. Sikuwa na kazi yoyote mkononi, dada. Nilishindwa kumjibu. Swali hilo hilo niliulizwa hapa mwanzoni mwa mwaka, nikalijibu upesi upesi, na jibu langu likamtoa mwanamke nyumbani kwake.

Aliyeniuliza ni mzee mmoja wa Kengeja, kusini ya kisiwa, anaitwa Maalim Faki. Ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Nusu ya watu wazima wa kijiji kile wamepita mikononi mwake. Alikuja dukani kwangu siku ya joto kali, umeme unakuja na kuondoka, nami nimeinama juu ya televisheni ya mtu tangu asubuhi bila kuimaliza. Alishuka kwenye gari na spika mbili amezifunga kwa shuka jeupe kama mtu aliyebeba mgonjwa. Kwenye benchi langu walikuwepo wateja wawili wakisubiri vitu vyao.

Akatoa salamu, akaziweka mezani, akasema, "Fundi, mie nina suala moja tu, na jibu lake nnalitaka mbele ya hawa. Sauti kubwa yaua hizi spika au haiui?"

Nikamuuliza kwanza zina nini.

"Shehe wa msikiti wetu kaja kunitazama," akasema. "Nikamfungulia kisomo asikilize. Akanambia, Maalim, mbona redio yako yasema kama ilofunikwa blanketi? Mbele ya watu, fundi. Nikaona haya."

Nikazifungua. Twita zote mbili kimya. Twita, dada, ni ile spika ndogo inayokaa juu ya spika kubwa ndani ya boksi moja. Kazi yake ni sauti nyembamba tu: mlio wa kijiko kwenye kikombe, ndege, ile s inayopita kwenye meno ya mtu anayesoma. Ndani yake mna waya uliozungushwa, mwembamba kama unywele. Waya ule ukipata moto kupita kiasi hukatika, na spika kubwa huendelea kusema peke yake. Sauti inabaki, lakini nzito, kama mtu anayeongea huku kaweka kiganja mdomoni.

"Zimeungua," nikamwambia.

"Kwa sauti kubwa?"

"Ndiyo. Sauti kubwa ndiyo inayoua twita."

"Siku moja yatosha?"

"Hata saa moja."

Sikuinua kichwa. Nilikuwa nimeshika pasi ya kuchomea risasi, ile ya kuungia nyaya, umeme ndiyo kwanza umerudi, na nia yangu nimalize televisheni kabla haujaondoka tena. Jibu langu lilikuwa kweli, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Maalim akawageukia wale wawili kwenye benchi. "Mmesikia?" Kisha akaeleza. Alikuwa amekwenda Wete mazikoni, akalala huko siku mbili. Aliporudi akaambiwa na majirani kuwa mkaza mwanawe, Riziki, mke wa mtoto wake wa kiume, aliwaita wasichana wenzake nyumbani, wakampaka hina binamu yake anayeolewa, na wakapiga nyimbo kwenye redio ile. "Redio ya kusikilizia maneno ya Mungu," akasema, "wameichezea ngoma. Namuuliza, ananiapia hakuifungua sana. Sasa nnajua."

Kitu kimoja nilimuuliza, na nashukuru angalau hicho nilikiuliza. Nilisema, "Wewe mwenyewe, Maalim, uliisikia kubadilika lini?"

Akanikazia macho. "Yakhe, n'shakuuliza na ushanijibu."

Nikarudi kwenye televisheni yangu. Mzee mwenye kanzu safi na heshima yake, mimi nani nimhoji?

Akaniachia zile spika, na siku ya tatu akazifuata. Nilikuwa nimeshapata twita mpya, lakini bado sijaziunga, nyaya zake zinaning'inia nje. Nikafungua sauti kidogo ili nijaribu kwanza zile spika kubwa. Maalim akatikisa kichwa kwa furaha. "Sawasawa kabisa! Sasa ndiyo yasema." Nikacheka moyoni, nikaona ni haraka za wazee. Nikaunga nyaya, nikamfungulia tena, akasema vile vile, nikafunga boksi, akaenda zake. Hata tofauti ya kabla na baada hakuiona, nami wala sikujiuliza kwa nini.

Sasa nikueleze yaliyotokea Kengeja, ambayo mimi niliyajua baadaye sana. Maalim ana mtoto mmoja wa kiume, Hamadi, anafanya kazi hotelini Unguja. Mama yake Hamadi alipofariki, kijana aliona baba yake atakaa kwenye ukimya mpaka augue, akamnunulia amplifaya na zile spika. Akamwacha na mkewe pale nyumbani, huyo Riziki, na mtoto wao wa miaka miwili. Riziki ndiye aliyekuwa akipika, akifua kanzu, akimsomea baba mkwe karatasi za dawa za hospitali. Yumo pia dada yake Maalim, Bi Mize, mjane, mtu mzima wa kukaa jamvini na tasbihi.

Maalim alipotoka kwangu siku ile ya kwanza, alifika nyumbani akasema: fundi kasema. Akampigia mwanawe Unguja: fundi kasema. Hamadi akampigia mkewe akamwambia nenda kwenu kwanza mpaka nitakapokuja, usimpandishe baba presha. Riziki akafunga nguo zake na za mtoto, akapanda gari kwenda kwa wazee wake Mkoani. Mtaa mzima ukajua kwamba mkaza mwana wa Maalim ni mwongo, kaapa uongo mbele ya mzee kama yule, na fundi wa Chake kathibitisha.

Mimi huku nilikuwa natengeneza feni na pasi za watu.

Kiasi cha mwezi na nusu kikapita. Siku moja naona shuka lile lile jeupe linashuka kwenye gari. Maalim kakasirika. Shehe amekuja tena, amesikiliza tena, amesema blanketi lile lile. "Umenitilia twita mbovu," akanambia.

Nikazifungua mbele yake. Mara hii nilizikagua vizuri, nikazitoa kabisa kwenye boksi. Waya umekuwa mweusi tititi, na ile harufu ya vanishi ya waya iliyoungua bado imo. Hazikuwa mbovu, zilikuwa zimepikwa.

"Maalim, safari hii nani kapiga nyimbo?"

"Nani apige? Nyumbani tumo mie na dada yangu."

"Na mkaza mwanao?"

"N'shamrudisha kwao. Si weye ulosema?"

Niliweka bisibisi chini, dada. Kulikuwa na mteja ananiita, sikumwitika. Nilimwona akilini yule mwanamke nisiyemjua sura akipanda gari na mtoto wake, na mimi nimekaa pale pale kwenye kiti changu, kichwa chini, nikisema hata saa moja. Nikamwambia Maalim aniachie spika, Jumapili nitamletea mwenyewe mpaka nyumbani. Nilisema nataka kuona zinavyofungwa. Hakupenda, lakini akakubali.

Jumapili hiyo nilifika Kengeja baada ya swala ya alasiri. Nyumba yake nzuri, imepakwa chokaa, barazani mna mbao za watoto wa chuo zimeegemezwa. Bi Mize akanipokea kwa chai na muhogo wa kuchemsha. Nikaomba nione amplifaya. Ilikuwa juu ya kabati, ndogo, ya bei ya chini, mashine ya chumba kimoja. Kitufe cha sauti kimefika mwisho. Kitufe cha trebo, kile kinachoongeza sauti nyembamba, nacho kimefika mwisho, na juu yake pamebandikwa plasta ya kidonda ili kisizunguke.

"Nani kaweka plasta hii?" nikauliza.

"Mie," akasema Maalim. "Kila ikirudi nyuma, msomaji simfahamu. Yavuma tu."

Bi Mize akasema kutoka mlangoni, "Alfajiri, adhuhuri, magharibi, redio yapiga mpaka vikombe vyacheza kabatini. Mie nnatia pamba masikioni."

Nikamgeukia. "Bi Mize, na siku ile ya hina, wasichana waliifungua sana?"

"Hata! Tulikuwa twazungumza nayo yapiga, na twasikizana. Riziki alikuwa na mtoto kalala chumba cha pili."

"Mbona hukusema?"

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto mpumbavu. "Nani aloniuliza? Fundi kashasema."

Nilikunywa ile chai. Kisha nikafanya jambo ambalo nilikuwa nalifikiria ndani ya gari njia nzima. Nilifunga twita mpya kwenye spika moja, nyaya zake nikaziacha nje ya boksi ambapo naweza kuziunga na kuzitenganisha kwa vidole. Nikaweka kisomo, sauti ya kadiri. Nikamwomba Maalim akae akitazama ukuta na anambie kila nikimuuliza kwa sauti kubwa kisomo kikoje.

Nikaunga. "Sasa, Maalim?"

"Sawasawa."

Nikatenganisha. Mimi nilisikia lile blanketi likishuka juu ya msomaji. "Sasa?"

"Sawasawa."

Nikaunga tena. "Sasa?"

"Si nimesema sawasawa? Wanijaribu nini?"

Nikatenganisha. Hapo Bi Mize akaweka mkono mdomoni. Maalim aligeuka ili anifokee, akauona uso wa dada yake badala ya wangu. Akaangalia vidole vyangu, nyaya ziko huku na huku, hazijaungwa. Alikuwa mtu mwenye akili, dada. Hakuhitaji kuelezwa.

Msomaji aliendelea kusoma, nami nikaogopa kunyoosha mkono kuzima.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui, Maalim. Masikio yana madaktari wake. Mimi najua hizi tu."

"Basi sini," akasema polepole. "Sini, na swadi, na thaa. Herufi za Kurani zipitazo menoni. Mie nnazisikia wapi?"

Akageukia mlango wa barazani, kwenye zile mbao za watoto.

"Tangu mwaka jana nawaambia watoto wazimeza. Nasema, tamkeni sini, mbona mwaimeza? Wengine nimewatandika, fundi. Watoto wa watu. Nao waitamka. Waitamka, na mie nawatandika." Akajishika ndevu. "Na yule msichana kaniapia kwa Mungu mbele yangu, nikasema mwongo."

Bi Mize akaanza kulia bila sauti. Mimi nikasema lililonipasa. Nilimwambia kosa si lake peke yake. Aliniuliza kama sauti kubwa inaua twita, nikamjibu ndiyo. Kumbe alichotaka kujua ni kama Riziki ndiye aliyeziua, na hilo nilikuwa silijui hata kidogo. Nilipaswa kumwambia silijui. Nilipaswa kuiomba amplifaya niione kabla ya kutoa hukumu mbele ya watu. Nikamweleza kwamba mashine ndogo ikilazimishwa kupiga kupita nguvu zake, sauti yake huvunjika, na ule uvunjifu wote hugeuka moto unaokwenda kwenye twita, na trebo ikiwa mwisho ndiyo mafuta juu ya moto. Haihitaji ngoma. Hata kisomo kinaweza.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jicho lake kwenye midomo yangu. Nikagundua kuwa hivyo ndivyo alivyokuwa akinisikiliza siku zote.

"Kesho twende Mkoani," akasema. "Mie na weye."

Tukaenda. Sikufungua duka siku hiyo. Wazee wake Riziki wanakaa juu kidogo ya bandari, baba yake, Mzee Khatibu, alikuwa mchukuzi wa mizigo mpaka mgongo ulipokataa. Alitupokea kwa adabu, lakini soda alizoagiza hakuna aliyezifungua. Maalim Faki hakuzunguka. Alisema mbele ya yule mzee na mkewe, "Nimemdhulumu mtoto wenu. Masikio yangu yamekufa na mie sikujua, nikamtwisha yeye. Nimekuja kumtaka radhi." Nikasema na mimi la kwangu, kwamba mimi ndiye fundi, na nilisema nisilolijua.

Wakamwita Riziki. Nilitarajia nini sijui. Alikuwa msichana mfupi, mtulivu, mtoto kamng'ang'ania shingoni. Akamwamkia baba mkwe wake, akapiga goti, akambusu mkono. Maalim alipoanza kusema akamkatiza kwa upole. "Baba, yameisha. Mie mwenyewe nilikuwa naona. Nikikwita jikoni huitiki, nikija mbele yako waitika. Niliogopa kusema, nikidhani utaona nakutukana."

Kisha akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Weye ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Basi watu wote wa Kengeja wanakujua kwa jina, na mie hata sura yako sijaiona mpaka leo. Ungeuliza tu, nani mwengine aitumia redio hii? Neno moja. Ningekwambia habari ya hiyo plasta."

Nikasema, "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," akasema, na alisema kama mtu anayetua ndoo ya maji, si kwa raha, kwa kuchoka. Halafu akamwambia Maalim kuwa kurudi hatarudi siku ile. "Mume wangu kaniondoa kwa simu. Hakuniuliza lolote. Naye aje anichukue kwa miguu yake."

Baba yake akatikisa kichwa kukubali, na Maalim akasema, "Haki yako." Tukarudi. Ndani ya gari, karibu tunafika, mzee akaniuliza kama vipo vya kusaidia masikio. Nikamwambia vipo, aende hospitali akapimwe kwanza. Akasema, "Nitakwenda. Nachoka kuvizia midomo ya watu."

Hamadi alikuja baada ya siku kumi, maana ruhusa ya kazi ilikuwa shida. Nasikia alikaa kwa wakwe zake tangu asubuhi mpaka magharibi kabla mkewe hajakubali kufunga nguo. Sikuwepo, wala haikuwa mahali pangu kuwepo.

Mwezi uliopita nilipita Kengeja kwa kazi nyingine, kuna mtu anataka jokofu lake litazamwe. Nikapita kwa Maalim kuangalia zile spika. Amplifaya nimempa nyingine yenye nguvu kidogo zaidi, na plasta sasa iko kwenye alama ya katikati. Nilimkuta barazani na watoto wa chuo. Hospitali kapimwa, kapewa kifaa cha sikio moja, anasema kinampigia kelele za majani na kuku lakini anakivumilia. Ubavuni mwake kakaa Riziki na mtoto kalala mapajani. Watoto wanasoma kwa zamu, na kila anapokosea mtoto sini yake, Riziki ananyanyua kidole, na Maalim anamwambia mtoto arudie. Bakora sikuiona.

Nilitoa salamu. Riziki akaitika vizuri tu. Hakunikaribisha kukaa. Nimeona ni haki yake, nikafanya kazi yangu nikaondoka.

Dada, sasa umejua kwa nini shemeji nilimkatia simu. Mwambie hivi. Sauti kubwa inaweza kuua twita, ni kweli, lakini si kila sauti kubwa na si kila twita iliyokufa imeuawa na sherehe. Asikilize kwa masikio yake. Sauti ikianza kukwaruza au s zikianza kuchoma, hapo mashine imefika mwisho wa nguvu zake, arudishe nyuma, asiilazimishe. Trebo aiache katikati. Asidhani mashine ndogo haiwezi kuunguza, ndogo iliyolazimishwa ndiyo mbaya. Na siku twita ikifa, asitafute mtu kabla hajatazama vitufe.

Lakini hayo ningeweza kuyasema kwenye simu. Lililonifanya nichukue karatasi ni jingine.

Niliporudi kutoka Mkoani siku ile nilijilaza chumbani kwangu bila kula, mashabiki uwanjani hapa jirani wanapiga kelele, na nikakukumbuka wewe uliporudi kutoka Somanga ulikoolewa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulishuka na godoro lako na ndoo mbili, mume wako wa kwanza hakuja hata kukusindikiza. Watu walisema umemtelekeza mama mkwe wako mgonjwa mpaka akafa peke yake. Nani alisema sikumbuki, lakini alikuwa mtu mzima, na alisema kwa uhakika, kama mimi nilivyosema. Nami nikaamini. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Wewe ulipika futari, na mimi nilichukua sahani yangu nikaenda kula barazani ili nisikae nawe mkekani. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Wewe ulikuwa unaniwekea uji mzito wa juu, ule ninaoupenda, na hukusema kitu.

Miaka mingi imepita. Umeolewa tena na mtu mwema, una watoto, unamwangalia mama peke yako wakati mimi niko ng'ambo ya bahari. Hatujawahi kulizungumza. Mimi nilidhani limepita kwa kuwa wewe hukulitaja. Riziki ndiye aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Basi nakuuliza leo, nikiwa nimechelewa sana. Somanga ilikuwaje, dada? Usinijibu kwa simu kwamba yamepita. Niandikie, au nikija baada ya mavuno ya karafuu, watu wakishalipwa na kazi zikipungua, tukae mimi na wewe unieleze tangu mwanzo. Nitasikiliza mpaka mwisho.

Mwamkie mama, umwambie mwanawe mgongo unauma lakini hajalala njaa. Msalimie shemeji na umwombe radhi kwa simu niliyomkatia. Wasalimie wajomba zangu wadogo, wanao wote watatu, na yule wa mwisho umwambie redio yake ya betri nimeshaitengeneza. Msalimie Mama Mdogo wa Masoko anayekuletea nazi, na Mzee jirani anayemsomea mama dua kila Ijumaa, Mungu amlipe.

Ni mimi mdogo wako uliyempikia uji,
Hemedi